Kabla Hujaonana na Mshauri Nasaha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya watu wa Dodoma na wilaya zake wanaofikiria kuonana nami, na ambao wangependa kujua kwanza ni nani atakayeketi mbele yao na atawafanyia nini. Maswali ni yale yale ninayoulizwa kwa simu na mlangoni, mengine kwa sauti ya chini.

Wewe ni nani, na uliingiaje katika kazi hii?

Nilizaliwa na kulelewa Mpwapwa, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi na mama aliyelima karanga na uwele, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa uuguzi. Katika ushauri nasaha niliingia kwa mlango walioupitia wengi wa rika langu, yaani Ukimwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vituo vya upimaji wa hiari, vikiwamo vile vya Angaza, vilikuwa vikifunguliwa mijini, huku dawa za kupunguza makali ya virusi zikiwa bado hazijaanza kutolewa bure katika hospitali za umma, kwa hiyo mshauri alilazimika kumpa mtu majibu mazito akiwa hana cha kuongezea zaidi ya muda wake na masikio yake. Tulifundishwa kuzungumza na mtu kabla ya kipimo na baada ya kipimo, kwa utaratibu ulioandikwa hatua kwa hatua. Utaratibu ulikuwa mzuri, lakini waliokuja hawakuishia kwenye kipimo: waliuliza watamwambiaje mume, nani atawalea watoto, na kama mama mkwe anastahili kujua. Maswali hayo ndiyo yaliyonipeleka chuoni kusomea saikolojia ya ushauri nikiwa tayari mama wa watoto wakubwa, nikaketi darasa moja na vijana walionipa shikamoo kila asubuhi.

Ninalisema hili kwa sababu lina athari kwa namna ninavyofanya kazi. Aliyejifunzia kazi mahali ambapo hapakuwa na dawa hujifunza mapema kwamba kumsikiliza mtu vizuri si utangulizi wa msaada, bali ni sehemu kubwa ya msaada wenyewe.

Nikuite daktari?

Hapana, kwa sababu si daktari. Wengi huniita Mama au Dada, wanafunzi wa chuo huniita Madamu, na yote yanafaa. Mteja anayenizidi umri namwamkia kwanza kama inavyopasa, kisha tunaanza mazungumzo. Nimeona wazee wa kiume wakiona ugumu wa kueleza ya moyoni mbele ya mwanamke mdogo kwao, na salamu iliyotolewa kwa heshima hupunguza ugumu huo kuliko maelezo yoyote kuhusu vyeti vyangu.

Unatumia njia gani?

Ninatumia mbili hasa, na ninazichanganya. Ya kwanza inatokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, ambaye katikati ya karne iliyopita alishikilia kwamba mtu anayepokelewa bila kuhukumiwa, akasikilizwa na anayejitahidi kweli kumwelewa, huanza mwenyewe kuona njia. Ya pili ni ile iliyokuzwa na daktari Aaron Beck kuanzia miaka ya 1960, inayochunguza mawazo yanayojileta yenyewe kichwani na jinsi yanavyoongoza hisia na matendo yetu.

Kwa mfano, mtumishi anapita kwenye korido ya ofisi kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, anamsalimu mkuu wake, na mkuu haitikii. Papo hapo wazo linamjia: ananichukia, nitaondolewa kwenye nafasi yangu. Kufikia jioni amekosa usingizi, kesho yake anamkwepa mkuu huyo, na baada ya wiki mbili kweli uhusiano wao umeharibika. Kazi yetu sisi wawili ni kulirudia wazo lile la kwanza na kuuliza lina ushahidi gani, kuna maelezo gani mengine, na mteja angemwambia nini rafiki aliyemletea kisa hicho hicho. Mara nyingi humpa mteja daftari aandike mawazo ya namna hiyo yanapomjia. Asiyependa kuandika hunieleza kwa mdomo tunapokutana, au hujirekodi kwenye simu.

Maoni yangu, ambayo si kila mwenzangu anakubaliana nayo, ni kwamba njia ya Rogers ikitumiwa ilivyo haitoshi kwetu. Mtu aliyetoka Chemba kwa nauli ya kukopa, akakuta mshauri anatikisa kichwa na kunyamaza, atadhani amepuuzwa, kwa sababu alikolelewa mtu mzima anayeulizwa shida hujibu. Kwa hiyo mwanzoni kabisa ninaeleza kwa nini wakati mwingine nitanyamaza, na panapohitajika taarifa ninaitoa bila kuzunguka. Kumwambia mama aliyejifungua kwamba huzuni nzito baada ya uzazi ni hali inayojulikana kitabibu na ina tiba si kumwamulia maisha.

Kwa nini nije kwako wakati nina wazee, mchungaji au shehe?

Huenda huna haja ya kuja. Ikiwa una shangazi mwenye busara anayekusikiliza na kutunza siri, umebarikiwa, na sitakushawishi umwache. Viongozi wa dini nao hubeba mambo mengi ambayo mimi siyawezi: hawatoki wakati wa msiba, na wanajua historia ya nyumba yako kuliko nitakavyoijua.

Tofauti iko mahali pengine. Wazee wa ukoo wanapoketi kusuluhisha, wana jambo la kulinda, nalo ni haki yao: amani ya ukoo, mahari iliyokwisha kulipwa, ng'ombe ambao huenda wakadaiwa, jina la familia mbele ya majirani. Uamuzi wao lazima upime hayo yote, na wakati mwingine anayeumia huombwa avumilie ili mengine yasiharibike. Kiongozi wa dini naye ana mafundisho ambayo hawezi kuyaweka kando. Mimi sina hisa katika nyumba yako. Sitapata wala kupoteza chochote ukibaki au ukiondoka, ukisamehe au ukikataa, na kwa sababu hiyo unaweza kusema mbele yangu jambo ambalo likisemwa barazani lingekuwa tayari ni shauri. Wateja wengi huja kwangu ili wajue wanachotaka kusema, kisha huenda kukisema kwa wazee. Nayaona hayo kuwa matumizi sahihi ya huduma yangu, wala si kushindwa kwake.

Nitakuwa na uhakika gani kwamba siri yangu haitatoka? Dodoma watu wanajuana.

Ni kweli wanajuana. Mji umepanuka hadi Nala na Ihumwa, lakini mtu wa mtaa wa Kisasa bado anaweza kukuta kwamba mshauri wake anasali kanisa moja na wifi yake. Kwa hiyo nitaeleza kwa kina ninavyofanya.

Ninayoyasikia katika kikao hayasimuliwi kwa mume, mke, mzazi, mwajiri wala aliyekulipia ada. Mwajiri akimleta mfanyakazi, anachopata kutoka kwangu ni uthibitisho kwamba mfanyakazi alihudhuria, basi. Kumbukumbu zangu ni fupi, zimefungiwa, na nina wajibu wa kuzitunza chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wateja hawapangwi kwa kufuatana bila nafasi katikati, ili anayetoka asipishane mlangoni na anayeingia. Tukikutana Soko la Majengo, nitakusalimu kama ninavyomsalimu mtu yeyote, maana kwetu kumpita mtu bila salamu kungezua maswali zaidi kuliko kumsalimu. Lakini sitauliza unaendeleaje kwa namna inayomfanya uliyefuatana naye ashangae tunafahamiana wapi.

Kuna njia moja ya kuvuja ambayo watu huisahau. Ukilipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kwenye ujumbe wa muamala, na simu nyingi za nyumbani hushikwa na watu zaidi ya mmoja. Kama hilo linakuhatarisha, lipa taslimu, na niambie mapema ni saa ngapi nisikupigie.

Siri ina mipaka mitatu, nami huitaja katika kikao cha kwanza, kabla mtu hajasema chochote. Nitalazimika kuhusisha watu wengine ikiwa uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini kweli, ikiwa mtoto anadhulumiwa, na ikiwa mahakama itaamuru. Kuhusu mtoto sina hiari: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azitoe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Hata hapo, utakuwa wa kwanza kujua kwamba ninatoa taarifa, isipokuwa kama kukwambia kutamweka mtoto katika hatari zaidi.

Nikionekana kwako, watu hawatasema nina wazimu?

Baadhi watasema. Tunaishi katika mji wenye Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe, iliyoanzishwa miaka ya 1920, na jina hilo limegeuzwa kuwa tusi la utani nchi nzima. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu hospitali hiyo imewarudisha watu wengi kwenye kazi na familia zao, na tusi hilo huwachelewesha wengine hadi hali inapokuwa ngumu kutibika.

Wengi wa wanaokuja kwangu hawana ugonjwa wa akili. Wana msiba, deni, ndoa inayoyumba, au uamuzi uliowaelemea. Wachache wana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi uliopitiliza, hali ambazo husaidiwa kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeshawishika kwamba redio inamtaja yeye, nitamwelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili haraka, na nikiombwa nitamwandikia barua ya kwenda nayo.

Unatoa dawa?

Hapana, na mshauri nasaha anayekupa vidonge mkimbie. Daktari akiwa amekuandikia dawa za sonona, endelea nazo. Nyingi huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha nafuu, na kuziacha ghafla kwa sababu umejisikia vizuri huleta taabu mpya. Ninaweza kukusaidia kuandaa maswali ya kumuuliza daktari, jambo ambalo wagonjwa wetu wengi huliona kama utovu wa adabu, ingawa ni haki yao.

Kikao cha kwanza kinakuwaje?

Kinachukua muda usiozidi saa moja. Nitauliza kilichokuleta sasa hivi na si mwaka jana, unalala vipi, unakula vipi, ni nani anayejua shida yako, na ulikwisha kujaribu nini. Swali la usingizi huwashangaza watu, lakini wengi hapa hawaji wakisema wana huzuni; huja wakisema kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili umekufa ganzi, wamepimwa malaria na taifodi mara nyingi na hakuna kilichoonekana. Mwili nao unasimulia, na ninausikiliza. Ikiwa hujapimwa kabisa nitakuomba ukapimwe kwanza, kwa kuwa matatizo ya tezi ya shingoni au upungufu wa damu yanaweza kufanana na sonona.

Tunazungumza Kiswahili, au Kigogo kwa anayejisikia huru zaidi kwa lugha hiyo. Mkalimani ambaye ni ndugu yako simpokei, hata kama ni mwanao unayempenda sana.

Vitahitajika vikao vingapi?

Inategemea jambo. Kuna wanaomaliza kwa vikao viwili, na kuna wanaokuja kwa miezi. Baada ya vikao vichache tunapima pamoja kama kuna kinachobadilika, na kama hakuna, ni wajibu wangu kukuelekeza kwa mwingine.

Ninaamini nimerogwa. Utanicheka?

Sitakucheka, wala sitabishana nawe, wala sitathibitisha. Nitakuuliza mambo yalianza lini, nani unamdhania, na imani hiyo imekufanya ufanye nini. Mara nyingi nyuma ya swali la nani kaniroga kuna ugomvi halisi wa shamba, wivu wa wake wenza, au kifo cha mtoto ambacho hakuna aliyeeleza sababu yake, na ugomvi huo au kifo hicho tunaweza kukizungumza. Ukiwa unakwenda kwa mganga nitakuomba mambo mawili tu: usiache dawa za hospitali, na usikubali kutajiwa jina la jirani kama mkosaji. Kanda ya kati na maeneo jirani yameshuhudia vikongwe wakidhuriwa kwa sababu ya tuhuma za namna hiyo, na hapo siwezi kujifanya sina upande.

Mwenzi wangu yuko Dar es Salaam na mimi nimehamishiwa Dodoma. Ushauri unaweza kusaidia kitu?

Hili limekuwa sehemu kubwa ya kazi yangu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini wimbi kubwa la watumishi lilikuja baada ya mwaka 2016, na nyuma ya kila barua ya uhamisho kulikuwa na nyumba: mke mwenye biashara Kariakoo asiyeweza kuiacha, watoto waliobakiza mwaka mmoja kumaliza shule, mama mgonjwa aliyezoea hospitali fulani. Wengi walikubaliana kuishi mbalimbali kwa muda, na muda ukageuka kuwa utaratibu. Treni ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024 imefupisha safari hadi saa chache tu, na watu walitarajia ndoa zipone kwa hilo. Zipo zilizopona. Kwa wengine treni iliondoa udhuru wa umbali, na kilichobaki kikawa wazi kwamba hawakuwa wanakosa usafiri bali wanakosa jambo la kuzungumza wanapokutana.

Ninachofanya na wanandoa wa namna hiyo ni kazi ya chini sana, karibu ya kuchosha. Tunapanga simu ya jioni isiwe ripoti ya ada za shule na fundi bomba peke yake. Tunaandika mezani fedha zinavyotumika katika nyumba mbili, kwa sababu chuki nyingi huanzia kwenye kodi ya chumba cha Ilazo ambacho aliyebaki Dar es Salaam hajawahi kukiona. Tunakubaliana nani anaamua nini kuhusu watoto wakati mzazi mmoja hayupo, kwani mzazi anayerudi mara moja kwa mwezi na kutengua amri zote za mwenzake huwafundisha watoto kusubiri arudi. Na tunaliuliza swali linaloogopwa, kama kuna mtu mwingine, lakini si katika kikao cha kwanza.

Unaweza kumshawishi mume wangu arudi nyumbani?

Siwezi, na sitampigia simu asiyeniomba. Akikubali kuja, nitampokea kama ninavyokupokea wewe, bila kuwa wakili wa yeyote. Elewa pia kwamba kikao changu hakichukui nafasi ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka shauri lipitie kabla ya mahakama kupokea maombi ya talaka, isipokuwa katika hali chache ilizozitaja.

Pakiwa na kipigo, siwaketishi wanandoa pamoja. Anayepigwa hawezi kusema ukweli akiwa na aliyempiga pembeni yake, na anaweza kulipia maneno yake wakifika nyumbani. Hapo tunazungumza juu ya usalama kwanza, na juu ya Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Shida yangu ni madeni. Je, hilo ni jambo la mshauri nasaha?

Ni lake. Mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kubwa mno, imewafikisha kwangu walimu, mama lishe na madereva wa bodaboda ambao aibu iliwalemea kuliko deni lenyewe. Sikulipii wala sikuombei msamaha kwa mkopeshaji, lakini mtu akiorodhesha madeni yote mahali pamoja kwa mara ya kwanza, akachagua mtu mmoja wa nyumbani wa kumweleza, huanza kulala, na aliyelala hupanga malipo vizuri zaidi.

Ninaweza kumleta mwanangu?

Unaweza, ukikubali kwamba nitazungumza naye peke yake kwa sehemu ya muda. Nitakueleza mwelekeo wa mambo na hatari yoyote, lakini sitakurudishia neno kwa neno. Mzazi anayetaka nimtishe kijana aache kampani fulani namweleza mapema kwamba sifanyi hivyo. Mtoto au mtu yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto anaweza pia kupiga namba 116, ambayo ni Simu ya Mtoto na haitozwi.

Nimekuwa nikifikiria kufa. Niseme?

Sema, kwangu au kwa mtu wa karibu, leo. Nami nitakuuliza waziwazi ikiwa unafikiria kujiua, kwa sababu kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupumua waliposikia kwamba neno limetamkwa na dunia haikuanguka. Nitataka kujua kama una mpango, kisha tutamchagua mtu wa kukaa nawe, na tutamwomba aondoe nyumbani dawa za shambani na kitu kingine chochote cha hatari. Ikiwa jambo ni la usiku huu usisubiri miadi yangu: nenda hospitali iliyo karibu ukifuatana na mtu, na hapo mapokezi useme hivyo hivyo ulivyosema hapa.

Kuna watu usiowapokea?

Ndiyo. Ndugu zangu, wanaofanya kazi nami, na majirani wa ukuta kwa ukuta nawaelekeza kwa wengine, kwa kuwa siwezi kumsikiliza mtu bila upande huku tukichangia kisima. Wanaotaka barua ya kuwasaidia kushinda kesi nao hawanifai, wala mimi siwafai.

Kuhusu ada na miadi?

Ada hutajwa kabla ya kikao cha kwanza, na asiye na uwezo aseme, ipo siku katika wiki niliyoitenga kwa ajili yake. Ukishindwa kuja nijulishe siku moja kabla. Wakati wa masika, barabara za vijijini zinapokatika, wanaotoka Bahi na Chamwino wanaweza kuzungumza nami kwa simu kwa saa ile ile ya miadi, ilimradi wawe mahali ambapo hakuna anayewasikia.